Siku Nilipokuja Kumchukua Baba

Nakumbuka asubuhi niliyoshuka bandarini Mkoani, begi la nguo mkononi na majivuno kifuani, nikaona kisiwa chote kimekuwa kidogo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwanangu. Miaka minne nilikuwa Dar es Salaam, fundi cherehani, nikishona suruali za wanaume kwenye baraza ya duka la watu pale Kariakoo. Nilivaa viatu vyeusi vya ncha, vinang'aa hata ungeweza kujitazama uso. Nikapanda gari hadi Mtambile, kisha nikashika njia ya vumbi kwenda kijijini kwetu, na kila niliyekutana naye akaniuliza habari za mjini. Nami nikamjibu kana kwamba mji wenyewe nimeujenga mimi.

Nilikuwa nimekuja kumchukua baba.

Baba yangu, Mzee Faki, alikuwa amefiwa na mama yangu mwaka uliotangulia, na mimi ndiye mtoto wake pekee. Kila barua niliyopata kutoka nyumbani ilinambia mzee anakula peke yake. Na hapo lazima nikueleze kwa nini mtu wa Pemba ale peke yake, kwa maana ukiiangalia Pemba ya leo hutaamini.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya vyama vingi. Weye hukuiona, na namshukuru Mungu hukuiona. Uchaguzi ulikuwa umekwisha, lakini kwetu uliendelea kila siku, dukani, kisimani, hata kwenye harusi. Mtu wa chama hiki hakununua chumvi kwa mtu wa chama kile. Na jirani wa baba, Mzee Shaame, alikuwa wa chama kile. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa makuti tu. Walitahiriwa siku moja, wakasoma chuo kimoja cha Kurani, wakaoa mwaka mmoja, na msimu wa karafuu walikuwa wakianika karafuu kwenye majamvi yao bega kwa bega. Sasa hata salamu hawapeani. Msikitini mmoja akisimama kulia, mwenziwe anakwenda kushoto kabisa, karibu na dirisha. Baba alikuwa akipeleka kahawa yake barazani, anainywa akiutazama ua, kisha anarudi ndani.

Basi nikamwambia, "Baba, hapa pamebaki nini? Twende Dar. Nitakupangia chumba karibu na changu. Maji yako bombani, umeme upo, hospitali iko karibu. Utapumzika."

Baba akasema, "Kama weye umeona hivyo, haya."

Nikafurahi. Nilisikia ndiyo, mwanangu. Masikio ya kijana husikia anachokitaka. Ile haikuwa ndiyo, ulikuwa uchovu wa mtu asiye na wa kubishana naye.

Tukapanga kuondoka na meli ya Jumamosi. Baba akaanza kugawa vitu vyake. Kuku akawapa watoto wa dada yake, majamvi ya karafuu akayakung'uta, akayakunja, akampa mpwa wake. Mimi nikizunguka na viatu vyangu, nawaambia watu mzee anakwenda kustarehe.

Alhamisi kukawa na mchezo wa ng'ombe.

Mchezo wetu huo naamini umeuona. Ni kiangazi, mavuno ya mpunga yametoka, watu wana furaha tele. Uwanja umejaa, zumari linalia, ngoma zinajibu, wanawake wamejipanga na kanga zao wanaimba na kuwakejeli wanaume waoga. Ng'ombe dume anafungwa kamba ndefu, vijana wanaingia mmoja mmoja na kitambaa, wanamchokoza, akija wanaruka pembeni au wanapanda mti. Ng'ombe hauawi. Ukiisha mchezo anarudi kwake kula majani, na kwa desturi yeye ndiye anayeondoka na heshima zaidi.

Nilikuwa sina nia ya kuingia. Ila mwanamke mmoja aliyekuwa akiimba akaniona na viatu vyangu, akatunga papo hapo kwamba huyu wa mjini amekuja kutazama ng'ombe au amekuja kutafuta kioo. Uwanja mzima ukacheka. Damu ikanipanda. Nikachukua kitambaa kwenye mkono wa mtu, nikaingia.

Nakwambia kweli, mwanzo nilicheza vizuri. Mara ya kwanza nikamkwepa, wakapiga vigelegele. Mara ya pili nikamkwepa, nikageuka kuwapungia mkono. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu ng'ombe hakuwa na habari ya kupunga mkono. Nilisikia kishindo nyuma yangu nikakimbilia mfenesi. Ungekuwa mguu mtupu ningeupanda kama nilivyoupanda utotoni. Lakini kiatu cha ncha hakishiki gome. Niliteleza, nikaanguka, na ng'ombe akanipitia kwenye mguu wa kushoto kama anayevuka kizingiti. Hata pembe hakunitia. Nadhani alinidharau.

Mguu ulivunjika chini ya goti. Nilisikia.

Wakaleta kitanda cha kamba, wakanilaza. Baba alikwisha fika, ameshika upande wa kichwani. Watu wakaulizana nani atauunga mguu, ingawa wote walijua jibu. Muungaji mifupa wa vijiji vyetu vyote alikuwa mmoja tu, Mzee Shaame.

Naye alikuwa hapo hapo uwanjani. Alikuja taratibu, akainama, akanipapasa mguu kwa vidole vyake vigumu, akasema, "Yakhe, tulia. Mfupa umevunjika mahali pazuri." Kisha, bila kumtazama baba, akashika kitanda upande wa miguuni, akanyanyua.

Wakanibeba hivyo hadi nyumbani, mwanangu. Baba kichwani, Mzee Shaame miguuni, mimi katikati, na kijiji kizima nyuma kimenyamaza kama kinamsindikiza maiti. Maumivu yalikuwa makali, lakini nakumbuka nilitazama juu nikamwona baba amekaza macho njiani, nikatazama chini nikamwona Shaame naye amekaza macho njiani, na hatua zao zinalingana. Miguu yao ilikuwa haijasahau kutembea pamoja.

Tulipofika nikategemea watasemezana. Wapi! Mzee Shaame akakaa kitako kando ya kitanda, akanitazama mimi, akasema, "Mwambie babako alete maji moto."

Baba alikuwa amesimama mkono mmoja tu kutoka kwake. Nikageuka, "Baba, ami Shaame anataka maji moto."

"Mwambie Shaame yako jikoni, yanachemka."

"Ami, yako jikoni yanachemka."

"Mwambie na kitambaa safi."

Basi ndivyo nilivyoungwa mguu, nauma meno, natokwa na jasho, na huku nikiwapelekea ujumbe watu wawili waliokuwa wakisikiana pumzi. Akaninyoosha, akanifunga mabanzi ya mianzi, akanambia nisikanyage chini siku arubaini, naye atakuja kila asubuhi kunikanda. Meli ya Jumamosi ikaondoka bila sisi.

Kila asubuhi alikuja. "Mwambie babako leo apike mchuzi wa samaki, mfupa unataka mchuzi." "Mwambie Shaame samaki wa jana bado wapo, hatuli kwa amri." Siku ya nne nilianza kuwabadilishia maneno kidogo, Mungu anisamehe. Shaame akisema mwambie babako dirisha hili limeoza, mimi nasema, "Baba, ami anasema dirisha limechakaa, anaweza kukusaidia." Baba ananitazama, anajua nasema uongo, anaguna.

Na katika siku hizo arubaini, mimi niliyekuja kuwaonyesha watu mji, nilioneshwa kijiji. Nilikuwa nimelazwa kwenye chumba cha mbele, mlango wazi, na mlango wa Pemba ukiwa wazi hauulizi nani aingie. Alfajiri naamshwa na adhana na majogoo. Jua likipanda anakuja shangazi na bakuli la muhogo wa nazi. Kisha mwalimu wa chuo, kutoka njiani, hodi, unaendeleaje, ananipigia kisa kimoja, anakwenda zake. Mchana wanapita wanawake kutoka kisimani, wanasimama dirishani wananitania, wanauliza ng'ombe amekusalimu. Yule aliyeniimba uwanjani alikuja na maji ya mabungo kwenye jagi kubwa, akasema ni kafara. Jina lake Riziki, nawe unamwita mama, kwa hiyo sitaendelea na hapo.

Watu wa vyama vyote viwili walikuja. Mwanzoni walikuwa wakipishana. Akiingia wa huku, wa kule anaaga. Lakini mgonjwa ni mmoja na chumba ni kimoja, na mvua ikinyesha huwezi kumwambia mtu atoke. Siku moja ilinyesha mvua kubwa wakakwama humo watu saba, wanne wa huku na watatu wa kule. Baba akatoa shelisheli la kuchoma. Wakala. Hakuna aliyesema neno la maana, lakini walikula kutoka sinia moja.

Nikaazimwa cherehani ya mkono, ile ya kuzungusha, kwa kuwa ya miguu nisingeiweza. Nikaanza kwa kushona kanzu ya baba iliyochanika, wakaleta sare za watoto, wakaleta mapazia. Nilishona nikiwa nimeegemea mto, mlango wazi, upepo wa mchana unaingia na harufu ya mikarafuu. Kariakoo nilishona miaka minne bila kumjua mtu aliyevaa nguo yangu hata mmoja. Hapa nilimaliza shati asubuhi, na alasiri nikaliona linapita njiani limemvaa mwenyewe, linanisalimu.

Na weye usidhani namtukana mtu wa mjini. Mji ulinipa kazi, ulinifundisha ufundi, ulinionyesha mpira uwanjani na watu wa kila kabila. Lakini nilikumbuka nikiwa kitandani pale kwamba mwaka mmoja kabla nilishikwa na homa Dar, nikalala chumbani siku nne, na mlango wangu haukugongwa. Hawakuwa watu wabaya. Walitoka asubuhi wakarudi wamechoka, kila mmoja akijua mlango wake tu. Hata mimi sikumjua aliyelala upande wa pili wa ukuta wangu, isipokuwa kwa kikohozi chake.

Sasa nikufikishe kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa wiki ya tatu. Mzee Shaame ananikanda, baba amekaa kwenye kiti anachambua mchele. Shaame akanambia, "Usione haya, Kombo. Hata babako ng'ombe alimpandisha mti. Alikaa juu ya mnazi tangu adhuhuri mpaka alasiri, anaomba maji."

Baba akaacha mchele. "Mwambie Shaame si kweli."

"Ami, si kweli."

"Mwambie babako ni kweli, na kikoi kilibaki chini."

"Baba, anasema kikoi..."

"Nimesikia!" Baba akasimama, ungo mkononi. "Kikoi kilikuwa chako weye! Aliyekuwa juu ya mnazi ni weye, miye ndiye niliyekuletea maji!"

"Faki, muogope Mungu. Miye nilishika kamba!"

"Kamba alishika marehemu kaka yako! Weye ulikuwa juu, unalia kama mtoto, unasema nikifa mwambieni mama!"

"Sikusema mwambieni mama! Nilisema mwiteni mama!"

Mzee Shaame alikuwa amekwisha kukiri bila kutaka. Baba akamtazama. Shaame akamtazama baba. Kisha midomo ya baba ikaanza kucheza, na Shaame akaweka mkono usoni, na wale wazee wawili wakaangua kicheko, mwanangu, kicheko cha kukosa pumzi, baba ameangusha ungo mchele wote chini, Shaame anapiga paja, kwa bahati mbaya paja langu. Nikapiga kelele, wakazidi kucheka. Walipotulia walikuwa wanafuta machozi, na machozi ya mwisho mwisho yale hayakuwa ya kicheko tena.

Baba akasema, taratibu, "Shaame, mke wangu alipokufa hukuja."

Mzee Shaame akainamisha kichwa. "Nilikuja mpaka uani. Nikasimama pale kwenye makuti. Nikaogopa utanirudisha."

"Ningekurudisha," akasema baba. "Siku ile ningekurudisha. Lakini ungekuja."

"Nisamehe, Faki."

"Nami nisamehe. Nilikuwa nakuona kupitia ua kila asubuhi, nikigeuza kiti."

Wakashikana mikono. Halafu wakapiga magoti wote wawili wakaokota mchele.

Kesho yake Mzee Shaame alikuja mapema, baba akiwa bado msikitini. Aliponifunga mabanzi hakuondoka. Akanambia, "Kombo, miye nimekuunga mguu, basi nina haki ya kukusema. Nasikia unamchukua babako mjini."

Nikajibu, "Ndiyo, ami. Kule kuna maji ya bomba, umeme, hospitali..."

"Hayo nimeyasikia. Vitu vizuri, namwombea avipate hata hapa. Ulimuuliza atakaa na nani?"

"Atakaa na mimi."

"Weye unatoka nyumbani saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Unarudi?"

"Magharibi."

"Na kati ya alfajiri na magharibi, huyu mtu aliyezoea kuamkiwa na watu arubaini kabla jua halijapanda, atamwamkia nani? Bomba?"

Akaendelea, sauti imepoa, "Hukukosea weye peke yako. Sisi tulimwacha akawa peke yake mpaka ukaona hana kwao. Kosa letu kubwa kuliko lako. Lakini weye ulikuja na jibu kabla ya kuuliza swali. Muulize babako. Na ukimuuliza, nyamaza umsikilize."

Baba alipotoka msikitini nikamuuliza. Nikanyamaza. Ilinichukua nguvu, kwa maana mara tatu nilitaka kumkatiza. Akanambia, "Nilikubali kwenda kwa sababu nilidhani hapa nimekwisha. Naona sijaisha." Akatabasamu, "Na majamvi yangu nitakwenda kuyadai kwa mpwa wangu leo hii, msimu umekaribia."

Siku arubaini zilipotimia nikasimama. Nilikwenda Dar mara moja kuchukua vitu vyangu. Mwenye kikohozi upande wa pili wa ukuta nilikutana naye mlangoni, mara ya kwanza kuuona uso wake. Akanambia, "Ndugu, nilidhani umehama." Nikacheka, nikamwambia ndiyo kwanza nahama. Tukakaa tukanywa chai, na kumbe ni mtu mwema sana, msema visa, wa Kigoma. Miaka minne nilikuwa na rafiki nyuma ya ukuta sikubisha hodi. Hilo nililijutia kuliko mguu.

Nikarudi, nikafungua kibanda cha kushona pale Mtambile, na umeniona humo maisha yako yote.

Nimekwambia haya, mwanangu, kwa sababu nasikia umepata nafasi ya kazi mjini, na mama yako anasema unaogopa kunambia. Usiogope. Nenda. Sikuzuii, na asikuzuie mtu. Kijana ana haki ya kuona mahali ambapo watu hawamjui babake. Lakini ukifika, siku ya kwanza kabla ya kufungua begi, bisha hodi mlango wa kulia na mlango wa kushoto, useme jina lako na ulikotoka. Watashangaa, wengine watacheka. Bisha tu. Raha ya kijiji, watu hudhani ni minazi na upepo. Minazi na upepo hubaki huku, lakini salamu, sahani ya jirani na kumuulizia mgonjwa vyote unaweza kwenda navyo, havichukui nafasi kwenye begi.

Wakija na vyama vyao, chagua unachokipenda, ni haki yako, ila usimnyime mtu salamu kwa ajili yake. Viongozi hubadilika, na jirani ndiye atakayekubeba. Na siku ukipata uwezo ukataka kututendea wema sisi wazee, njoo ukae kitako utuulize tunataka nini. Huenda tukataka kidogo kuliko unavyofikiri, au tukataka kitu ambacho hukifikiri kabisa.

Nenda salama. Mungu akutangulie mbele, akulinde nyuma, akupe riziki ya halali na majirani wenye nyuso za kucheka. Akupe mke mwema na watoto watakaokusikiliza zaidi ya nilivyomsikiliza baba yangu. Akuweke uzima, atuweke na sisi, tukutane hapa hapa kwa kheri. Amin.